Tamko kuhusu Tiba Mtandao katika Hospitali za Pembezoni

1. Sisi madaktari, matabibu na wauguzi wa hospitali za wilaya zilizo visiwani na mipakani mwa Tanzania, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili kwa umma na kwa mamlaka zinazohusika.

2. Mgonjwa wa Mafia anayehitaji daktari bingwa huvuka bahari kutoka Kilindoni hadi Nyamisati, ndipo aianze safari ya barabara kwenda Dar es Salaam. Wa Ukerewe naye hana njia ya kufika Hospitali ya Bugando, Mwanza, isiyopita majini. Lakini picha ya eksirei ikitumwa kwa mtandao haingoji kivuko. Bingwa aweza kuisoma mgonjwa angali kitandani. Chama kinaunga mkono tiba mtandao kwa dhati.

3. Hata hivyo, ushauri wa mabingwa kutoka mbali mara nyingi hupitia simu za binafsi. Tabibu wa zamu hupiga picha ya kidonda, huituma kwa bingwa anayefahamiana naye, na jibu haliingii katika jalada. Mgonjwa akipona, wote hushukuru. Akifariki, jalada lina jina moja tu, la aliyekuwa kando ya kitanda. Picha ya mwili wa marehemu nayo hubaki katika simu isiyo ya hospitali, ilhali Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti.

4. Msimamo wa chama ni kwamba anayeshauri kutoka mbali anatibu, na wajibu wake haupungui kwa kuwa hakumgusa mgonjwa. Aandike ushauri wake na autie saini. Aidha, kioo cha simu au kompyuta kisiwe sababu ya kuacha nafasi za kazi wazi: bingwa huona anachoonyeshwa tu, na tumbo la mama mjamzito hupimwa kwa mikono ya mtu aliyepo.

5. Chama kinaiomba Wizara ya Afya iweke sharti la saini katika kila mwongozo na kila mkataba wa huduma hii. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2006, uzipe hospitali hizi kipaumbele cha mtandao. Umeme wa akiba uje pamoja na mitambo ya tiba mtandao, usifuate baadaye.

6. Wanachama hawataacha kumpigia bingwa simu pale uhai unapokuwa hatarini. Ila kuanzia tarehe ya tamko hili, kila ushauri utaandikwa katika jalada la mgonjwa, pamoja na saa ulipotolewa na jina la aliyeutoa.