Safu ya Tatu Ilijificha, Shangazi Akapoteza Oda

Wasee, leo naongea kuhusu majedwali. Najua umeanza kupiga miayo. Ngoja kwanza.

Mwaka jana nilimtengenezea shangazi yangu mfumo mdogo wa kupokea oda za vitenge. Mteja anajaza fomu, shangazi anapata ujumbe, kazi inaendelea. Sikuwa na laptopu wakati huo. Kila kitu nilisoma kwa simu, kwenye matatu, kwenye foleni, kitandani. Nikafika mahali pa kuweka muda ambao programu itangoja jibu la seva kabla ya kukata tamaa. Nikafungua mwongozo wa kile kifaa nilichokuwa natumia, nikakuta jedwali safi kabisa. Safu ya kwanza jina, safu ya pili maelezo: "muda wa kungoja jibu". Nikaandika 30. Sekunde thelathini si zinatosha?

Jumamosi shangazi akapiga simu. "Wewe, watu wanasema hiyo kitu yako imekataa."

Imekataa kweli. Oda za siku nzima hazikupita hata moja. Nilikesha nikitafuta kosa kwenye msimbo wangu, na kosa halikuwa hapo. Jumapili nikaazima kompyuta ya binamu, nikafungua ukurasa ule ule, na manze, kulikuwa na safu ya tatu. Kipimo: milisekunde. Nilikuwa nimeiambia programu ingoje milisekunde 30, yaani hata sehemu ya kumi ya sekunde haifiki. Nani atajibu kwa muda huo na mtandao wetu huu?

Najua utasema ningeskroli kando. Sawa, lawama yangu naibeba. Lakini simu nyingi huficha ule mstari wa kuskroli mpaka uguse, na jedwali lilikatwa pale pale safu ya pili ilipoishia. Hakukuwa na dalili yoyote kwamba kuna kitu zaidi. Kwa macho yangu, jedwali lilikuwa limeisha.

Hapa ndipo msimamo wangu unaanza: upana wa safu si urembo. Ni sehemu ya habari yenyewe. Ukiandika kipimo mahali msomaji wa simu hakioni, kwake hujakiandika.

Nikaanza kuchimba kwa nini mambo huwa hivi. Chukua Sphinx, programu ambayo Georg Brandl aliitengeneza kwa ajili ya mwongozo wa Python na ikatoka 2008. Miongozo mingi sana ya programu imejengwa nayo, na mingi hutumia mandhari ya Read the Docs, ile yenye menyu nyeusi kushoto. Mandhari hiyo ina kanuni moja ya CSS kwa majedwali: `white-space: nowrap`. Maana yake, maandishi ndani ya kisanduku yasishuke mstari wa pili. Sentensi ndefu inanyooka tu kama reli, inasukuma safu zilizobaki nje ya kioo.

Chekesho lenyewe ni hili. Mwandishi anaweza kupanga upana vizuri kabisa. Kwenye Sphinx unatumia `list-table`, unaandika `:widths: 20 80`, yaani safu ya kwanza ichukue asilimia 20 na ya pili 80. Anaangalia matokeo, hakuna kilichobadilika. Anadhani amekosea. Hajakosea. Maandishi yamekatazwa kukunjika, kwa hiyo upana aliouomba hauna nguvu.

Dawa yake ni fupi kuliko hadithi yangu. Unatengeneza faili ya CSS yako, unaiweka kwenye folda ya `_static`, unaitaja kwenye `conf.py` kupitia `html_css_files`, na ndani yake unaandika kwamba visanduku vya jedwali viwe na `white-space: normal`. Unaongeza `!important` ili kanuni yako ishinde ya mandhari. Dakika kumi, umemaliza. Ukitaka iguse jedwali moja tu, lipe jina kwa `:class:` halafu uelekeze kanuni kwa jina hilo. Usibadilishe majedwali yote kwa sababu ya moja lililokukera.

Wanaotumia Markdown wana shida nyingine. John Gruber alipoitoa 2004, haikuwa na majedwali kabisa. Yaliongezwa baadaye na watu wengine, na kwa namna inayotumika sana unaweza kuamua maandishi yakae kushoto, katikati au kulia, lakini upana huwezi kuutaja. Hapo unabaki na njia mbili: andika jedwali kwa HTML, au tumia CSS.

Lakini msinielewe vibaya. Sisemi kila kitu kikunjwe. Ukikunja bila kufikiria, unapata safu nyembamba kama uzi, neno moja kila mstari, na msomaji anashuka chini mpaka anasahau alikuwa anasoma nini. Majina ya amri yakikatwa katikati pia yanachanganya. Ndiyo maana nasema amua. Safu ya majina iachwe isikunjike, kwa kuwa majina ni mafupi. Safu ya maelezo ipewe nafasi na ikunjike. Namba zikae kulia ili tarakimu zipangane. Na kipimo, tafadhali, kikae kando ya jina au ndani ya maelezo, si mwisho wa dunia huko. Jedwali lako likifika safu tano au sita, jiulize kama kweli ni jedwali. Mara nyingi orodha ya kawaida ingesomeka vizuri zaidi.

Kuna jamaa aliniambia, "Msee, mtu serious husoma dokumentesheni kwa laptopu." Hiyo kauli ndiyo iliniudhi kuliko lile kosa. Wangapi tulijifunza kuandika msimbo kwa simu yenye kioo kilichopasuka na bando la saa moja? Si kwamba hatuko serious. Ndicho kifaa tulicho nacho. Ukiandika mwongozo wako ukidhani kila mtu ana kioo kipana, umeshachagua nani ataelewa na nani atakesha.

Kwa hiyo, kama unaandika mwongozo wa programu yoyote, hata ya mradi wa shule, fanya kitu kimoja kabla ya kuuchapisha. Ufungue kwa simu yako. Soma kila jedwali bila kugusa kando. Kile usichokiona, msomaji wako pia hakioni. Na ukikutana na mwongozo wa mradi huria wenye jedwali lililojificha, watumie marekebisho. Si lazima uwe gwiji ndiyo uchangie. Mstari mmoja wa CSS ni mchango.

Mfumo wa shangazi sasa unafanya kazi, niliweka 30000. Lakini akipokea oda bado anaiandika pia kwenye daftari lake jeusi, halafu ananiangalia. Daftari lake lina safu tatu, zote zinaonekana.