Redio Inayotaka Kitambulisho

KIBARAZANI na Mwinyi Kero

Jumamosi jioni shemeji yangu alituita kwake Tabata kusikiliza redio. Ndiyo, shemeji yule yule wa tangi la maji. Wazoefu wa kibaraza hiki hawahitaji maelezo. Wageni wafahamu tu kwamba tangi bado linavuja. Kijana wake amekuja likizo kutoka Marekani na risiva: dude jeusi lenye spika tano na sabufa, linalocheza nyimbo za kwenye mtandao na redio za dunia nzima. Kwa kuwa la Marekani hutaka volti 120 na umeme wetu ni 230, limewekewa transfoma ya Kariakoo inayounguruma kushinda spika zenyewe. Pilau ilikuwa tayari. Redio ilisubiriwa mpaka pilau ikapoa.

Msimamo wangu nautoa mapema, msije mkapoteza muda kuutafuta: chombo kinachotaka kujua wewe ni nani kabla hakijatamka neno, hicho si redio. Ni ofisi.

Kwanza kilitaka Wi-Fi. Kijana alishauri tuvute waya kutoka kwenye ruta, maana waya haukatikikatiki, lakini shemeji akasema utaharibu sura ya sebule. Basi nenosiri likaandikwa kwa rimoti, mshale kushoto, mshale kulia, herufi moja moja, na kila herufi ikitokea kwenye runinga mbele ya wageni wote. Shemeji, ambaye tangu nimjue hajakosa jezi ya kijani na njano, akaanza kutokwa jasho. M. S. I. Watu kimya. M. B. A. Ilipotokea Z, mama mkwe akasimamisha kijiko hewani. Msimbazi! Wekundu wenyewe sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na mtu aliyelia begani kwangu kila Yanga ilipofungwa.

Baada ya hapo mtambo ukataka programu yake isasishwe, ukajizima, ukajiwasha. Ukataka tuweke programu nyingine kwenye simu. Ukataka akaunti: barua pepe, nchi, mwaka wa kuzaliwa. Mama mkwe, ambaye shida yake ilikuwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku tu, aliuliza kwa upole kama akalete na kitambulisho cha NIDA.

Hatimaye tukafika: Afrika, kisha Tanzania. Stesheni zikajipanga vizuri, na nyingi ukizibonyeza ni kimya. Jina lipo, sauti hakuna. Nikamuuliza kijana kulikoni. Akanieleza kama anayemweleza mtoto kwamba orodha ile haimo ndani ya risiva. Iko kwa kampuni nyingine kabisa, dalali wa anwani, na risiva huenda kumuuliza kila mara. Stesheni ikihama anwani na dalali asijue, unasikiliza ukimya. Na dalali mwenyewe akifunga duka? Kijana akacheka. Mimi sikucheka.

Maana wamefunga, tena si mara moja. Logitech waliacha kutengeneza redio na vicheza muziki vya Squeezebox mwaka 2012, na Machi 2024 wakazima tovuti iliyokuwa ikivihudumia. Waliosalimika ni wenye programu ya seva kwenye kompyuta zao nyumbani. Mwaka 2021 ikazimwa Reciva, dalali wa redio za chapa nyingi. Mwaka 2015 BBC walibadili namna ya kurusha matangazo yao kwenye intaneti, na redio nyingi za mezani zikawa bubu kwa stesheni za BBC. Hazikuungua, hazikuanguka. Spika nzima, nyaya nzima, mwenye nazo kalipa hela yake yote. Huo ni uroho, na msiniletee habari za maendeleo. Najua hata masafa mafupi yanazimwa, lakini redio ya mkulima ya mama mkwe haijawahi kumuuliza mtu mwaka wa kuzaliwa.

Halafu bando. Stesheni ya kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti 58 kwa saa. Iache ikijisemea jikoni toka saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni, tunavyofanya sote, karibu megabaiti 700 zimekwenda, na hapo hujatazama hata harusi moja WhatsApp.

Aliyeokoa jioni ni binti mdogo wa shemeji, ambaye hakuna aliyemwomba ushauri. Alifukua boksi, akatoa waya mwembamba ukiwa bado umefungwa ndani ya mfuko wake, akauchomeka nyuma ya risiva. Antena ya FM! Lile dude lina FM, na muda wote ule hakuna aliyeitazama. Tukaukuta utabiri wa hali ya hewa. Kisha akawasha kompyuta yake, akaruhusu folda yake ya taarabu ionekane kwenye mtandao wa nyumba, na risiva ikaziona nyimbo zote. Bando likakatika katikati ya wimbo. Taarabu ikaendelea, kwa sababu ilikuwa inatoka chumbani kuja sebuleni, haipiti kwa dalali yeyote. Kwa hilo ningetoa hela yangu. Ukienda dukani, mwambie muuzaji azime intaneti kwanza, ndipo uanze kuuliza bei.

Ile akaunti, sasa. Kwa kuwa shemeji hakumbuki barua pepe yake, ilifunguliwa kwa ya kwangu. Kila asubuhi kampuni inaniuliza naionaje risiva yangu, na inanipendekezea spika za kuongezea. Jana nimewajibu, kwa Kiswahili. Mhariri amekataa kuchapa nilichoandika.