Somo la rezo ku iniversite: tabaka saba kichwani, kable hata moja mukononi

Wakaaji wa Mashariki wanajua neno «rezo» kuliko maneno mingi ya vitabu. Rezo imeenda. Rezo imerudi. Rezo iko inasumbua. Kwenye kabine, chini ya parasoli, mama anangojea mesaji ya feza yenye mtoto wake amemutumia, na yule wa kabine anamujibu tu: mama, ni rezo. Hakuna mwenye anauliza zaidi. Ni rezo gani? Imekatikia wapi? Nani anapashwa kuitengeneza?

Maulizo hayo yako na majibu, na majibu yanafundishwa hapa kwetu. Goma, Bukavu, Butembo, Bunia, Kisangani: karibu kila fasi kwenye wanafundisha informatiki, kuko somo moja la mwanzo juu ya rezo za ordinatere. Zamani, wakati wa gradua, wanafunzi wengi walilikuta mu mwaka wa pili. Tangu sistemu ya LMD ianze mu mwaka wa masomo 2021-2022, limeingia mu lisanse ya miaka mitatu, pamoja na kredi zake na saa zake za kazi ya mikono, ile wanaita TP. Ku karatasi, ni somo zuri sana. Shida ni pale linapotoka ku karatasi na kuingia mu oditwari.

Tunaongea juu ya jambo hili sasa kwa sababu rezo haiko tena mambo ya vijana na picha zao. M23 ilipoingia Goma mwisho wa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, mabanki yalifunga milango. Kwa miezi mingi, mushahara, kodi ya nyumba, feza ya dawa, vyote vilipitia ku telefone: Airtel Money, M-Pesa, Orange Money. Mutu mwenye feza ku telefone na hana rezo, ni sawa mutu asiye na feza. Kwa hiyo wale vijana wenye wanapashwa kujua rezo inatembea namna gani, kazi yao imekuwa kazi ya lazima, sawa ile ya fundi wa maji ao wa kurenti.

Basi somo lenyewe linasema nini? Tuchukue mambo mawili matatu, juu msikilizaji aone kwamba haiko uchawi.

La kwanza ni pakiti. Ukituma picha, haiendi kipande kizima. Inakatwa vipande vidogo, kila kipande kinaandikwa kinatoka wapi na kinaenda wapi. Fikiria mutu wa Masisi anatuma gunia kumi za maharagi Goma, na badala ya kuchukua kamyo moja anazigawa kwa pikipiki kumi. Kila gunia iko na namba na jina la mwenye kupokea. Pikipiki moja inaweza kupita njia ingine kama kuko matope, na moja inaweza kuharibika njiani. Kule Goma, mwenye kupokea anahesabu: moja, mbili, tatu, ya nne iko wapi? Anaomba warudishe ile ya nne tu, si zote kumi. Njo vile intaneti inafanya, na kanuni zake zinaitwa TCP/IP. Rezo ya Marekani yenye ilizaa intaneti iliingia mu kanuni hizo tarehe 1 Januari 1983, na mpaka leo njo zinabeba WhatsApp yako.

La pili ni tabaka. Hapa njo wanafunzi wanatokwa jasho. Shirika la kimataifa la kupanga vipimo, ISO, lilitoa mu 1984 mfano wa tabaka saba: chini kabisa kuko kable, antena na kurenti yenye inapita; juu kabisa kuko programu yenye unafungua. Wengi wanashika majina saba kwa kichwa, kwa mupango, kama sala, na siku ya mitihani wanayaandika bila kosa. Lakini faida ya zile tabaka ni ya fundi. Kitu kikikufa, unaanza chini na kupanda: kable imeingia vizuri? Masini zinaonana? Adrese ni sawa? Rutere inajua njia? Programu yenyewe inajibu? Mwenye hajawahi kufanya hivyo na mikono yake, zile tabaka saba hazimusaidii kitu.

Mufano wa kila siku: vijiti vya rezo vimejaa ku telefone, na WhatsApp haitembei. Watu wanakasirika, wanazima na kuwasha. Mwanafunzi mwenye amesikia somo anajua kwamba vile vijiti vinaonyesha tu njia kati ya telefone yako na antena ya kilimani. Antena nayo inapashwa kufika mbali, kwa fibre optiki ao kwa antena zingine zenye zinaangaliana kutoka kilima mpaka kilima. Kama ile njia ya pili imekatika ao imejaa watu, vijiti vinabaki vyote na mesaji haiendi. Na kwa nini, wakati mwingine, mega zinakataa lakini feza inapita? Kwa sababu ukipiga ile namba yenye nyota na diezi, hautumie mega hata kidogo. Inapita mu njia ingine, ile telefone inatumia kwa kuongea na kampuni. Vitu viwili mbalimbali. Kabine zetu zingekuwa na makelele kidogo kama watu wangejua hilo.

La tatu, adrese. Kila masini mu rezo inaomba namba yake, adrese ya IP. Zile za zamani, bado nyingi sana mu kazi, zinaweza kuwa milioni elfu ine na kidogo kwa dunia nzima, na hazitoshi. Njo maana nyumba na ofisi zinatumia namba za ndani. Kikundi cha kawaida mu ofisi kiko na namba 256, na ukiondoa mbili za kazi maalum, zinabaki 254 za masini. Haya ni hesabu ya mwaka wa kwanza. Lakini angalia vile inaweza kuua kazi. Mutu anakuja na rutere yake ya nyumbani, anaichomeka mu rezo ya ofisi kwa nia nzuri, anatafuta wifi yenye nguvu. Sasa rutere mbili zinagawa adrese mu nyumba moja. Masini zingine zinapata namba za huku, zingine za kule, na nusu ya ofisi haifike tena ku intaneti. Watu wanatukana kampuni ya koneksyo, kumbe adui iko chini ya meza. Sisi watu wa redio ya jamii tunajua taabu ya namna hiyo, na siku fundi anapatikana, inamuchukua dakika tano.

Sasa, lile somo linapita namna gani? Tuseme bila kuficha: mara mingi kwa chaki na silabusi. Mwalimu anatoka muji mwingine, saa zote zinabanwa ndani ya siku chache, asubuhi mpaka magaribi. Oditwari iko na watu wengi, kurenti haitabiriki, na swichi, kama iko, iko mu kabati ya mukubwa fulani mwenye funguo. TP inageuka kuwa karatasi: eleza tofauti kati ya swichi na rutere. Wanaeleza. Wanapata 14 juu ya 20. Hawajaona swichi.

Sisemi ni kosa la walimu. Wengine wanalipwa kuchelewa, wengine wanabeba ordinatere yao wenyewe na kuonyesha wanafunzi mumoja mumoja. Lakini sikubali tena lile jibu la kila siku, kwamba makuta ya vyombo yanakosekana. Koleo ya kufunga vichwa vya kable, kipimo chake na pakiti moja ya vichwa, bei ya vyote pamoja haifikie makuta yenye mwanafunzi mumoja analipa kwa mwaka ku iniversite mingi. Ordinatere ya zamani yenye wote wameacha, ukiiwekea karte mbili za rezo na Linux, ambayo ni ya bure, inakuwa rutere kamili. Cisco, kampuni ya Marekani, inatoa bure programu yenye jina Packet Tracer: unachora rezo nzima ku ekra, unaharibu, unatengeneza, bila kununua kable hata moja. Wireshark, bure vilevile, inakuonyesha pakiti zenyewe zikipita, na hapo hata yule mwenye kusinzia nyuma anaamka. Kinachokosekana sana ni uamuzi: kwamba mwanafunzi hapiti kama hajafunga kable yenye inafanya kazi mbele ya mwalimu. Kiwe kitu cha pointi, si cha kupamba programu.

Kuko tena sehemu ya somo yenye silabusi mingi zinapita haraka, na kwetu ingepashwa kuwa ndefu kuliko zote: njia. Pakiti yako, ikitoka Goma ao Bukavu, inapita wapi? Sehemu kubwa ya koneksyo ya Kivu inatoka ngambo ya mupaka, Rwanda na Uganda, inashuka mpaka ku bahari ya Mombasa na Dar es Salaam, kisha inaingia mu kable za chini ya bahari. Kinshasa nayo inaangalia upande mwingine, Muanda, kwenye kable ya WACS inafika tangu miaka ya 2010.

Mwaka 2024 ulitufundisha hilo bila silabusi. Tarehe 14 Machi, kable kadhaa zilikatika karibu na Abidjan, WACS ndani yake, na inchi mingi za Magharibi ya Afrika zikaumia. Miezi miwili kisha, tarehe 12 Mei, ilikuwa zamu ya upande wetu: EASSy na Seacom zilikatika mu bahari ya Afrika ya Kusini, na koneksyo ikashuka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi. Mutu wa Goma mwenye alizima na kuwasha telefone yake siku hiyo alikuwa anatafuta ugonjwa mbali sana na fasi yake. Mwanafunzi mwenye anajua amri ya traceroute, ile yenye inaandika kila rutere pakiti inapita, angeona wapi njia inakufa. Ni mustari mumoja wa kuandika. Haiombi laboratware.

Na ukitumia amri hiyo, unakuta jambo lingine la kuhuzunisha kidogo. Watu wawili wa kartie moja, wateja wa kampuni mbili, wanatumiana kitu, na pakiti zinaweza kutoka inchi, kutembea mbali, kisha zirudi. Tunalipia safari hiyo, kwa makuta na kwa muda. Dawa yake inajulikana: fasi moja ndani ya inchi kwenye kampuni zote zinakutana na kubadilishana pakiti. Kinshasa iko na yake, KINIX, tangu 2012. Lubumbashi na Goma nazo zilipata za kwao. Lakini fasi ya kukutana inafaa kama kampuni zinakuja kweli na kuko watu wa kuichunga. Watu hao wanatoka wapi, kama si mu oditwari zetu?

Wengine wanasema somo hili limepitwa na wakati, kwa sababu Starlink imekuja. Mamlaka ya kusimamia mambo ya telefone, ARPTC, iliikataza mu Machi 2024, kisha ikaipa ruhusa mu Mei 2025. Unaweka sahani juu ya nyumba, kwisha. Mimi naona kinyume. Satelite za zamani zenye ma-ONG zilitumia kwetu ziko karibu kilometre 36.000 juu, njo maana ukiongea unangojea sauti irudi. Za Starlink ziko karibu kilometre 550. Tofauti hiyo mwanafunzi anaihesabu kwa dakika mbili. Lakini kisha sahani kuna rutere, na kisha rutere kuna nyumba kumi zenye zinataka kugawana bei. Nani atapanga adrese? Nani atazuia mutu mumoja asimalize nguvu yote na filme? Nani atafunga mulango ili jirani asisome mambo ya jirani? Sahani haijibu maulizo hayo.

Kuko pia mukato wenye hautoke ku bahari. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, serikali ilikata intaneti na SMS inchi nzima, na ilichukua karibu siku 20 kuzirudisha. Wakati ule uvumi ulijaa: wengine walisema ni antena, wengine satelite. Mutu mwenye amejifunza rezo anaweza kutofautisha kable yenye imekatika na mulango wenye mutu ameufunga, juu dalili zao hazifanani. Kwa redio kama yetu, tofauti hiyo ni habari yenyewe, na tunapenda kupata mutu wa kutueleza mbele ya kusema kitu hewani.

Mwaka wa masomo ukianza, wazazi wengi watapanga mustari ku apariteri na bordero ya kulipa mukononi. Wanaulizaka bei, wanaulizaka kama diploma inakubaliwa. Wanaweza kuongeza ulizo moja, kwa heshima: mu somo la rezo, TP iko na pointi ngapi, na inafanyikia mu chumba gani? Kama kuko chumba, waombe kukiona.