Kompyuta ya kwanza Rusimbi: Tuanze na umeme, si mapambo

KWA miaka mingi kompyuta imekuwa ikifika Kigoma ikiwa imekamilika, ama mpya ndani ya boksi lake, ama iliyokwisha kutumika Ulaya na kuletwa nchini kama mtumba. Mnunuzi alilipa, akachomeka waya ukutani na kuanza kazi.

Sasa hesabu hiyo imebadilika, na kijana wa Rusimbi, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, anayetaka kufungua stesheneri au kujifunza usanifu wa picha analazimika kufikiri upya. Mambo mawili yamesababisha hali hiyo.

La kwanza ni uamuzi wa Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10 kuanzia Oktoba 14, 2025. Toleo lililofuata, Windows 11, linadai vigezo ambavyo kompyuta nyingi za mtumba hazina. Kwa upande wa prosesa za Intel, kwa ujumla zinazokubalika ni za kuanzia kizazi cha nane, kilichotoka mwaka 2017.

La pili ni bei ya kumbukumbu, yaani RAM. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei hiyo ilipanda kwa kasi duniani, baada ya viwanda kuelekeza uzalishaji kwenye vituo vya data vya akili unde. Desemba mwaka huo, kampuni ya Micron ilitangaza kuachana na biashara ya Crucial, chapa yake iliyozoeleka kwa wanunuzi wa kawaida.

Katika mazingira hayo, kununua vifaa kimoja kimoja na kuviunganisha mwenyewe kuna mantiki. Mnunuzi analipia anachohitaji tu, na kesho akipata fedha anaongeza bila kutupa alichonacho.

Hata hivyo, Rusimbi si Kariakoo. Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914, ina urefu wa takriban kilometa 1,250 kutoka Dar es Salaam. Aliyepo Kariakoo akikosea kifaa, anarudi dukani siku hiyo hiyo. Wa Rusimbi anarudisha mzigo kwa basi au treni, analipa nauli ya kifurushi mara mbili, na kusubiri huruma ya muuzaji ambaye hajawahi kumwona uso kwa uso.

Ndiyo maana tunasema kwamba bei halisi ya kifaa huku kwetu ni ile ya dukani ikijumlishwa na gharama ya kukosea. Anayeisahau sehemu hiyo ya pili hujikuta ana boksi la vyuma lisilowaka.

Makosa hayo mara nyingi hutokana na herufi moja tu. Chukua mfano wa prosesa za AMD. Ryzen 5 5600G ina uwezo wa kutoa picha kwenye skrini bila msaada, lakini Ryzen 5 5600, isiyo na herufi G, haina uwezo huo na hudai kadi ya picha inayouzwa peke yake. Kwa Intel, herufi F mwishoni mwa jina hutoa onyo hilo hilo.

Kadhalika ubao mkuu, ambao mafundi huuita mazabodi. Ubao wa soketi ya AM4 hupokea RAM ya DDR4, na ule wa AM5, uliotoka mwaka 2022, hupokea DDR5 pekee. RAM hizo haziingiliani hata kwa nguvu. Tena ubao wa B450 uliotengenezwa kabla ya 5600G unaweza kugoma kuwaka mpaka programu yake ya msingi isasishwe, kazi ambayo ni vema muuzaji akaifanya kabla ya kufunga mzigo.

Linalofuata, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote, ni umeme. Kwa miaka mingi mji wa Kigoma uliishi kwa mitambo ya dizeli, nje ya gridi ya Taifa. Ingawa katika miaka hii ya 2020 gridi imeufikia mkoa, hakuna mtaa uliosalimika na kukatika kwa umeme, na msimu wa mvua huja na radi.

Pamoja na ukweli huo, pawa saplai ndiyo kifaa ambacho wengi hukinunua mwisho, kwa chenji iliyobaki. Nyingi zinazokuja bure ndani ya kasha huandikwa wati 500 ambazo hazipo. Kompyuta ya 5600G isiyo na kadi ya picha haihitaji hata nusu ya kiasi hicho, hivyo wati 450 za kweli ni bora kuliko 500 za kwenye karatasi. Na kama nyuma yake kuna swichi ya 115 na 230, ihakikiwe kuwa ipo kwenye 230 kabla ya kuwasha, la sivyo safari inaishia hapo.

Baada ya hapo ije UPS, ili umeme ukikatika mtu ahifadhi kazi yake na kuzima kwa utaratibu. Ikumbukwe kwamba VA si wati. UPS ya 650 VA kwa kawaida hubeba wati kati ya 350 na 400. Nyumba isiyo na waya wa ethi nayo imwite fundi umeme kwanza.

Taa za rangi, kasha la kioo na kibodi inayong'aa vinaweza kusubiri. Badala yake iwekwe SSD, ambayo huiharakisha kompyuta kuliko pambo lolote, na kasha lenye chujio la vumbi.

Wapo watakaosema kwamba mtumba bado ni nafuu. Ni kweli, na kwa kazi ya kuchapa barua, mashine ya zamani yenye Linux, ambayo haiuzwi, inatosha kabisa. Lakini anayetaka kompyuta ya kukua nayo asidanganywe na bei ya leo. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Wauzaji nao wana wajibu. Risiti ionyeshe jina kamili la kifaa, pamoja na ile herufi ya mwisho, na masharti ya kurudisha yaandikwe. Mnunuzi asiyeandikiwa hayo asitume fedha.

Fedha za kompyuta ya kwanza aghalabu ni akiba ya familia nzima. Kijana aliyekabidhiwa akiba hiyo aandike orodha yake leo, aikaguzishe kwa fundi anayemwamini, na mstari wa kwanza wa orodha hiyo uwe pawa saplai.