Wakandaji, someni mkataba wa bima kabla haujawaruka

Kazi ya masaji inawalisha vijana wengi mijini. Kuanzia spa za kifahari hadi vinyozi vya mtaani, ambako mteja akishanyolewa hukandwa kichwa na mabega, mikono ndiyo mtaji. Wachache huchukua bima ya kumfidia mteja akiumia. Halafu siku ya kuifanya upya, baadhi yao huambiwa hawatakiwi tena. Hapo lawama huanza: ati bima ni ya matajiri.

Tuseme ukweli. Kampuni ya bima haipimi utamu wa masaji yako. Inapima hatari.

Sababu ya kwanza ni kuvuka mipaka ya mafunzo. Umesomea kulegeza misuli, sasa unasokota shingo za watu mpaka zilie! Kusokota shingo ghafla kunaweza kuchana mshipa unaopeleka damu kwenye ubongo, mteja akapata kiharusi. Kukanda kwa nguvu mguu wenye damu iliyoganda kunaweza kusukuma bonge hilo hadi kwenye mapafu na kumuua. Kampuni ilikubali kumlinda mkandaji, si mtu anayejifanya daktari wa mifupa.

Ya pili ni kuficha mambo. Bima husimama juu ya uaminifu. Ukinyamazia malalamiko ya awali au huduma ulizoongeza, mkataba unaweza kuvunjwa siku unayouhitaji zaidi.

Ya tatu ni tuhuma za kumshika mteja visivyo. Zikithibitishwa, hakuna cha kutetea.

Hata hivyo, kampuni za bima nazo zisijifiche nyuma ya barua ya mistari miwili. Lalamiko moja si hatia. Kijana akiachwa bila kuelezwa kosa, hatajirekebisha. Ataendelea kufanya kazi bila kinga, na atakayeumia ni mteja. Mwambieni sababu, kwa lugha anayoielewa.

Nawe mkandaji, muulize mteja kuhusu afya yake kabla ya kumgusa, na uandike majibu. Soma sehemu ya mkataba inayotaja yasiyolipiwa. Na kama unataka kutibu viungo, njia ipo: sheria ya mwaka wa 2014 iliunda baraza la kusajili wataalamu wa fiziotherapia nchini. Somea kazi hiyo, usajiliwe.

Shingo ya mtu si mahali pa kubahatisha.