NANI ANAYEIENDESHA TRENI YA MBIO YA WAFARANSA?



Wako mabwana wakubwa ambao kila wakizisifu treni za mbio za Ufaransa, zile ziitwazo TGV, hutaja mambo mawili tu: mwendo wake na werevu wa wahandisi waliozibuni. Kisha mabwana hao hao hugeuka wakatuambia sisi ati karakana ni hasara, na ati mashine nzuri haihitaji watu wengi. Tumechoka na maneno hayo. Wakitaka kuitaja TGV, na tuitaje yote.

Juu ya mwendo hatubishi. Treni hiyo ilianza kuchukua abiria kati ya Paris na Lyon mwezi wa Septemba 1981, na leo katika baadhi ya njia hukimbia kilomita 320 kwa saa. Tarehe 3 Aprili 2007 moja iliyotayarishwa kwa majaribio ilifika kilomita 574.8 kwa saa. Wahandisi nao wapewe haki yao. Tarehe 21 Desemba 1993, kaskazini ya Ufaransa, ardhi ilititia chini ya reli mahali palipokuwa na handaki la Vita Kuu ya Kwanza, na TGV ikatoka relini ikiwa katika mwendo wa karibu kilomita 300 kwa saa. Haikupinduka, wala hakufa mtu hata mmoja, kwa kuwa mabehewa yake hukaa mawili mawili juu ya seti moja ya magurudumu, yakashikana yasiweze kukunjana ovyo. Hiyo ni akili, na tunaikubali.

Lakini akili ya mwaka 1981 haikazi nati iliyolegea jana. Nati hukazwa na mtu. Mtu huyo ni nani? Analala saa ngapi? Anapata mshahara gani? Hapo mabwana hunyamaza.

Sisi tutasema. Treni ikienda kilomita 300 kwa saa, inameza zaidi ya mita 80 kila sekunde. Dereva hawezi kusoma taa za kando ya njia, kwa hiyo amri za mwendo humjia ndani ya chumba chake kupitia reli zenyewe. Katika mwendo huo kasoro ndogo si ndogo tena. Basi abiria wanapolala, treni huingia karakana. Breki hukaguliwa, magurudumu yaliyolika huchongwa upya, na mkono wa juu unaopokea umeme wa volti 25,000 hutazamwa. Vyoo pia husafishwa, mabwana, maana vyoo havijisafishi. Huko njiani nako magengi ya reli hufanya kazi kwa taa, yakishindana na alfajiri. Wafaransa wanayo treni ya kupima, IRIS 320, ambayo hukagua reli na nyaya huku ikikimbia kilomita 320 kwa saa. Ni chombo cha ajabu, lakini kazi yake ni kuonyesha kasoro, haishiki spana.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Julai 2024, siku ya kufunguliwa Michezo ya Olimpiki mjini Paris, waharibifu walichoma nyaya za ishara katika njia tatu za treni za mbio, na mamia ya maelfu ya abiria wakakwama. Njia ya nne, ile ya Lyon na Marseille, ilisalimika. Je, iliokolewa na mashine? La! Karibu na kijiji cha Vergigny walikuwako wafanya kazi wa reli katika zamu ya usiku. Waliwaona watu wasiowajua, wakaita polisi, na wale wakakimbia. Kama zamu ile ingalikuwa imefutwa ili kupunguza gharama, nani angaliwaona?

Na watu wa namna hiyo hutendewaje? Mwezi wa Oktoba 2019, katika karakana ya Châtillon karibu na Paris, wakubwa walitaka kuwapunguzia mafundi siku zao za mapumziko. Mafundi wapatao 200 wakaweka zana chini bila hata kungoja taratibu za kutoa ilani. Mara treni za upande wa Atlantiki zikaanza kufutwa, na siku chache baadaye mpango ule ukaondolewa. Twauliza: ikiwa watu hao ni gharama tu, mbona walipokaa chini treni nazo zilikaa?

Kabla ya hapo, kila serikali ilipenda kukata utepe wa njia mpya. Lakini njia za zamani, ambazo wafanya kazi wengi huzitumia kwenda kazini, zilikuwa zikichakaa. Mwaka 2005 wataalamu wa chuo cha Lausanne, Uswisi, walionya wazi kwamba reli za Ufaransa zinazeeka. Tarehe 12 Julai 2013, katika stesheni ya Brétigny, treni ya kawaida, si TGV, ilitoka relini kwa sababu ya kipande cha chuma cha kuungia reli kilicholegea mahali njia zinapogawanyika. Watu saba walikufa. Kesi ilipokwisha mwaka 2022, mtumishi aliyekagua mahali pale aliachiliwa, na shirika la reli, SNCF, likatozwa faini ya euro 300,000. Faini! Fedha hizo zingalikaza nati ngapi kabla ya siku ile?

Tena tangu tarehe 1 Januari 2020 wanaoajiriwa upya katika SNCF hawapati masharti ya zamani ya kazi, ingawa ndugu zao waligoma miezi mitatu mwaka 2018 kuyatetea.

Afrika nayo sasa inazo treni hizi: Moroko wanazitumia tangu Novemba 2018. Siku muuzaji atakapokuja kwetu na picha zake za rangi, sisi hatutamwuliza inakwenda mbio namna gani. Tutamwuliza karakana itajengwa wapi, mafundi wetu watafundishwa na nani na kwa muda gani, spea zitatoka wapi baada ya miaka 20, na zamu ya usiku italipwa shilingi ngapi. Na majibu tutayataka kwa maandishi, kabla ya sahihi kutiwa.