Samaki Wageni Wafao: Tupime Maji Kabla ya Kupima Watu

BARZA YA NYUMBANI



Miezi miwili iliyopita niliitwa na familia moja ya hapa Södertälje nikalitazame tangi lao la samaki wa maji ya chumvi. Tangi hilo la lita 100 li sebuleni, na ndani yake mna samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, walioishi humo mwaka wa pili sasa pasi na maradhi. Lakini kila samaki mpya aliyetiwa hakuvuka siku ya tatu. Watano walikuwa wamekwisha kufa. Mtoto wa nyumba, mwenye umri wa miaka tisa, aliwazika uani mmoja mmoja, akamwuliza baba yake kama yeye ndiye aliyewakosea.

Lililonihuzunisha zaidi halikuwa vifo vile. Jirani mmoja, mama mwenye heshima zake, alikuwapo siku walipoletwa wageni wa mwanzo, akausifu uzuri wao. Tangu siku ile pakazuka mnong'ono kwamba ana jicho. Hakualikwa tena, na wanawe wakakoma kucheza na watoto wa nyumba ile.

Sisi Waislamu hatukanushi kuwa jicho lipo, Mtume (S.A.W.) amelithibitisha. Lakini Suratul Hujurat nayo yatuamuru tujiepushe na kudhaniana, kwani baadhi ya dhana ni dhambi. Basi nikawaomba tuanze na maji.

Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ni nani wafao, na baada ya muda gani? Wakifa wa kale na wapya pamoja, kwa ghafula, yafaa kushuku sumu: dawa ya kusafishia vioo, marashi ya kupuliza yaliyovutwa na pampu ya hewa, au shaba iliyotoka katika mabomba. Tangi likiwa halijatimiza wiki sita, shuku amonia. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, na bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, huhitaji yapata wiki nne hadi sita ili wazaliane vya kutosha. Samaki wakihema kwa kasi, wakijikwaruza mawaweni, au wakiota vidoa au vumbi jeupe, shuku vimelea.

Hapa hapakuwa na lolote katika hayo. Tangi lilikuwa kongwe, vipimo vya amonia na nitriti vilisoma sifuri, na hapakuonekana kidoa. Wafao ni wageni peke yao. Hali hiyo huashiria maji ambayo wenyeji wameyazoea, ila yanawashinda wageni.

Nikauliza: "Maji yapunguapo, huongeza nini?" Baba akajibu kwa yakini: "Maji ya chumvi, kwani hawa ni samaki wa chumvi." Jawabu la kitendawili lilikuwa humo.

Waliopita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi, wanalijua jambo hili: jua huchukua maji, chumvi hubaki. Tangi letu nalo ni shamba dogo la chumvi. Mfuniko wake wa kioo ulivunjika mwanzoni mwa majira ya baridi, wakati ambapo joto la nyumba hukausha hewa mno. Maji yakawa yakipungua, nao wakaongeza, kidogo kidogo, lita 20 za maji ya chumvi. Hebu tufanye hesabu. Lita 100 zenye gramu 35 kwa kila lita zina gramu 3,500 za chumvi. Lita 20 zilizoongezwa zilileta gramu 700 zaidi. Jumla ni gramu 4,200, yaani gramu 42 kwa lita. Tulipopima, kipimo kilikubaliana na hesabu. Tukapima na maji ya mfuko wa dukani: gramu 30.

Samaki wa baharini hupoteza maji mwilini mwake daima, kwa kuwa bahari ina chumvi kuliko damu yake. Hunywa ili kufidia. Wale wawili walipandishwa polepole, miili yao ikazoea. Mgeni aliyetoka kwenye gramu 30 na kutumbukizwa kwenye 42 kwa dakika chache hukaushwa akiwa majini, mfano wa ng'onda aliyetiwa chumvi.

Dawa yake ni subira. Kila siku tulitoa lita 2 za maji ya tangi, tukatia lita 2 za maji baridi yasiyo na chumvi, yaliyokwisha kupata joto la chumba. Siku ya tisa tukafika gramu 35. Tangu hapo upungufu hufidiwa kwa maji yasiyo na chumvi tu, na maji ya chumvi hutumika pale tu maji machafu yabadilishwapo. Mgeni naye huingizwa kwa kudondoshewa maji ya tangi kwa mpira mwembamba kwa muda wa saa moja, baada ya kulinganisha vipimo. Wala mtu asidhani kuwa atateka maji baharini hapa kwetu: ng'ambo ya malango ya mfereji wa Södertälje, maji ya Baltiki yana gramu 6 hivi tu kwa lita.

Samaki wa sita ametimiza wiki ya tano, naye anakula. Mtoto nilimsimulia habari ya Abu Umayr, mtoto ambaye Mtume (S.A.W.) alimliwaza alipofiwa na ndege wake mdogo, akajua kuwa huzuni yake si upuuzi, na kosa halikuwa lake.

Baba alikwenda kwa jirani siku ya Ijumaa, yeye na mkewe, wakaomba radhi. Wakapewa chai. Tangi limepona kwa siku tisa. Moyo wa jirani, Mungu ndiye ajuaye utachukua siku ngapi.

Wabillahi tawfiq.